Miaka 2 ya Hanania, Miaka 70 ya Yeremia

Ukipita korido za hosteli zetu hukosi mlango wenye Yeremia 29:11. Wengine wameiandika kwa maka peni kwenye kabati, wengine wameiweka kwenye statasi ya simu, hasa wiki ya mitihani. Ni ile aya ambayo Mungu anawaambia watu wake kwamba anajua anachowapangia, kwamba ni amani na si mabaya, na kwamba mwisho wao una tumaini. Mimi niliibandika juu ya kitanda changu nikiwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikaibandua kwa hasira, na gundi ikaondoka na rangi ya ukuta.

Makala hii inaeleza kwa nini niliibandua, na kwa nini siku hizi naisoma tena, ila sasa naanzia aya ya kwanza ya sura. Kama wewe si Mkristo, karibu pia. Kufeli hakuangalii dini, na kungoja vilevile.

Kilichonipata

Nilikamatwa masomo matatu. Nikafanya sapu, likatoka moja, yakabaki mawili: Takwimu na Uhasibu wa Gharama. Kabla matokeo ya sapu hayajatoka, rafiki alinipeleka kwenye mkutano wa maombi nje ya chuo. Mhubiri aliyekuwa mgeni pale alisema kwamba ndani ya siku 14 kila mwanafunzi aliyekuwepo atapokea habari njema kwenye matokeo yake. Tukaambiwa tuipande ahadi hiyo kwa sadaka. Mfukoni nilikuwa na shilingi 23,000. Nikatoa 20,000, nikabaki na 3,000, nikarudi chuoni kwa miguu nikiimba.

Siku ya tisa matokeo yakatoka. Nikafungua mfumo, nikaufunga, nikaufungua tena, si unajua ile hali ya kudhani labda mtandao umekosea. Haukukosea. Nilitakiwa kurudia mwaka. Mkopo ukasimama, maana yake hakuna "boom" na hakuna chumba. Wenzangu wakasonga mwaka wa tatu, mimi nikabaki nahesabu siku tano zilizobaki kwenye zile 14, kama mtu anayengoja basi ambalo ameshaambiwa halipo.

Nyumbani ni Tukuyu. Mama anauza ndizi, na ndizi hizo ndizo zilizonileta chuo. Akipiga simu ananiuliza, "Matokeo bado?" Najibu, "Bado, mama." Nilijibu hivyo kwa miezi miwili. Hilo la kumdanganya mama liliniuma kuliko matokeo yenyewe, na ndilo lililonifanya nione kwamba imani yangu imeingia kwenye shida. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kukiri hali ilivyo ni kukosa imani. Kwa hiyo nikawa naficha, na kuficha kwangu nikakuita kuamini.

Barua iliyowaudhi walioipokea

Siku moja, katika kutafuta pa kumlaumu Mungu vizuri, niliamua kusoma sura nzima ya 29 ili nione hiyo ahadi ilitolewa wapi. Nikarudi hadi sura ya 27, kwa sababu hadithi inaanzia huko.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 597 K.K. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliuzingira mji wa Yerusalemu, akamchukua mateka mfalme kijana Yekonia, mama yake, wakubwa wa jumba lake, pamoja na mafundi na wahunzi. Vyombo vya hekalu navyo vikabebwa. Waliobaki Yerusalemu na waliopelekwa Babeli wote walikuwa na swali moja: hii hali itaisha lini?

Akatokea nabii Hanania, mtu wa Gibeoni. Akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 kamili vyombo vitarudi, Yekonia atarudi, na mateka wote watarudi. Yeremia alikuwepo, amevaa nira ya mti shingoni kama ishara kwamba utawala wa Babeli bado upo. Hanania akaitoa ile nira, akaivunja hadharani. Fikiria shangwe iliyokuwepo.

Sasa angalia Yeremia alivyojibu. Kwanza alisema amina. Kwa kweli hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Naye alitamani iwe kweli, hakufurahia kuwa na habari mbaya. Lakini akaongeza kwamba nabii anayetabiri amani hutambulikana neno lake likishatimia, kisha akaondoka zake bila kugombana. Baadaye akarudi na neno zito: nira ya mti imevunjwa, lakini mahali pake itakuja ya chuma. Hanania mwenyewe alikufa mwaka uleule, miezi miwili baadaye. Ile miaka 2 ikapita na hakurudi mtu.

Ndipo tunakutana na barua ya sura ya 29. Yeremia aliiandika Yerusalemu, ikapelekwa Babeli kwa mkono wa Elasa na Gemaria, wajumbe wa mfalme Sedekia. Ukiisoma kwa mpangilio wake, mambo ya kwanza ni ya kawaida kabisa: wajenge nyumba wakae, wapande miti na kula matunda yake, waoe na kuozesha, waongezeke. Kisha linakuja gumu zaidi: waitafutie amani Babeli, mji uliowateka, na kuuombea, kwa sababu amani yao imefungwa ndani ya amani yake. Kisha onyo la kutowasikiliza manabii wanaowapa ndoto wanazozitaka. Kisha hesabu: miaka 70. Baada ya yote hayo ndiyo inakuja aya ya 11, ile ya kwenye kabati.

Kwa hiyo aya yetu tamu imeandikwa mara tu baada ya hesabu ya miaka 70. Mtu wa miaka 30 aliyeisikia ikisomwa alielewa vizuri kwamba yeye binafsi atazikwa Babeli. Na wapo waliokasirika. Shemaya, mmoja wa waliokuwa uhamishoni, aliandika barua Yerusalemu akitaka Yeremia afungwe mikatale, na hoja yake ilikuwa hiyo hiyo: huyu mtu anatuambia kungoja kutakuwa kurefu.

Kiswahili chetu kinatusaidia jambo moja hapa. Msomaji wa Kiingereza anaona neno moja tu kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, hivyo ni rahisi kudhani aya ile inamhusu yeye peke yake na ajira yake. Kwetu imeandikwa "ninyi". Ni ahadi ya watu wote pamoja, inayobebwa na kizazi kimoja na kupokewa na kingine. Babeli iliangushwa na Koreshi wa Uajemi mwaka 539 K.K., na waliorudi wengi wao walikuwa wale waliozaliwa katika nyumba ambazo baba zao walikubali kuzijenga ugenini.

Tofauti ya matumaini haya mawili

Naomba nisieleweke vibaya. Kufeli Takwimu si sawa na kuona mji wako ukizingirwa na kuchukuliwa mateka. Lakini namna ya kungoja inafanana, na hapo nadhani manabii wana la kutufundisha sisi wa kila siku.

Tumaini la Hanania lilikuwa na tarehe. Ukishakuwa na tarehe huna haja ya kupanda mti, kwa nini upande wakati utahama mwakani? Unakaa na mizigo imefungwa. Ndivyo nilivyokaa zile siku 14. Sikusoma, sikutafuta kazi, sikumwambia mama, kwa sababu kufanya lolote kati ya hayo kungekuwa kukubali kwamba ahadi inaweza isije. Tarehe ilipopita ikanikuta mikono mitupu, na imani ikaondoka nayo.

Tumaini la Yeremia nalo lilikuwa na hesabu, tena ndefu, lakini lilimwachia mtu kazi ya kufanya asubuhi. Siku hizi nikisikia unabii, hicho ndicho kipimo changu. Sijui kupima roho za watu na sitaki kumhukumu yule mhubiri, labda naye alitamani iwe kweli. Ninajiuliza tu: neno hili linanipa nini cha kufanya Jumatatu? Kama jibu ni kungoja na kutoa pesa, natulia kwanza.

Basi Jumatatu moja nilikwenda kwenye steshenari iliyo jirani na geti nikaomba kazi. Nikawa nachapa ripoti za wenzangu na kutoa kopi za notisi ambazo nami nilipaswa kuzisoma. Chuo kilipofunguliwa nikaingia darasani na wadogo zetu wa mwaka wa pili. Wiki tatu za kwanza nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kofia usoni, nikitoka kabla mhadhiri hajamaliza. Hiyo ndiyo ilikuwa Babeli yangu. Nikakumbuka lile agizo gumu la kuitafutia amani. Mimi nilikuwa na karatasi za mitihani iliyopita, na nilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale mahali ambapo Takwimu inakamatia watu, maana ilinikamata mimi. Nikaanzisha kundi la kusoma, watu sita, Jumanne na Alhamisi jioni. Katika kuwaelekeza nikagundua kwamba mwaka jana nilikuwa nakariri tu fomula. Neno "amani" ambalo Biblia ya Kiebrania inaliita shalom lina maana pana: ustawi, uzima, mambo kukaa sawa. Mambo yalipoanza kukaa sawa kwa wale wadogo, yalianza kukaa sawa kwangu pia.

Shamba lililonunuliwa wakati mbaya

Hadithi ya pili iko sura ya 32. Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, jeshi la Babeli limeuzingira tena Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kusema mji utatekwa. Anakuja Hanameli, mtoto wa mjomba wake, kumuuzia shamba lililoko Anathothi, kijiji alikotoka Yeremia. Jamani, hebu tuwe wakweli: nani ananunua kiwanja mahali ambapo jeshi la adui limepiga kambi?

Yeremia alinunua. Alimpimia shekeli 17 za fedha, ambazo kwa uzito ni karibu gramu 200. Akaandika hati, akaweka mashahidi, akatengeneza nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, akampa Baruku mwandishi wake aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Maana yake ilikuwa kwamba siku zinakuja ambapo watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile.

Kilichonishika ni kinachofuata. Baada ya kulipa, Yeremia aliomba, na sala yake mwishoni ni kama inauliza: Bwana, mji ndio huo unaanguka, nawe umeniambia ninunue shamba? Alilipa kwanza, akashangaa baadaye. Shaka na tendo la imani vilikaa ndani ya mtu mmoja siku moja. Wala Maandiko hayasemi kama aliwahi kulilima. Tunaambiwa mwishowe alichukuliwa hadi Misri pamoja na watu waliokataa ushauri wake.

Hati yangu mimi ilikuwa fomu ya usajili. Ili kusajiliwa nilihitaji ada, na ili kupata ada nilihitaji kusema ukweli nyumbani. Nikapiga simu usiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona usiku, kuna nini?"

Nikamwambia yote: sapu, kurudia mwaka, mkopo, hata ile sadaka. Alinyamaza kidogo, nikasikia mbwa wa jirani wakibweka kule Tukuyu. Kisha akauliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Kwanza ukale. Mwaka utarudia, hata mimi darasa la nne nililirudia." Miaka 22 ya maisha yangu sikuwahi kujua hilo.

Alituma alichoweza, nikaongeza cha steshenari, nikalipa awamu ya kwanza. Siku nalipa sikusikia furaha yoyote ya kiroho. Tumbo lilikuwa linaniuma kwa woga kwamba nazamisha pesa za ndizi kwa mara ya pili. Risiti ile nimeiweka ndani ya Biblia, sura ya 32. Imenifundisha kwamba mtu anaweza kutenda kwa tumaini hata siku ambayo moyo haujisikii lolote.

Matambara chini ya kwapa

Hadithi ya tatu ni ya sura ya 38. Wakuu walimtupa Yeremia katika shimo lisilo na maji, lenye matope tu, naye akazama katika matope hayo. Aliyemwokoa hakuwa kuhani wala ndugu yake. Alikuwa Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa kusini mwa Misri, upande wa Sudani ya leo, mgeni aliyetumika katika nyumba ya mfalme. Alikwenda kwa mfalme hadharani kumtetea, akapewa watu 30, akaleta kamba. Lakini kabla ya kamba alipita chini ya chumba cha hazina akaokota matambara na nguo zilizochakaa, akazishusha, akamwambia Yeremia aziweke chini ya kwapa ili kamba zisimkate.

Mwandishi angeweza kuyaruka matambara yale, na habari ingebaki ileile. Nafikiri aliyaacha kwa sababu mtu aliye shimoni hasahau kitu kama hicho.

Niliponyang'anywa chumba, mwenzangu wa mwaka wa kwanza aliniambia tubebane kwenye kitanda chake, futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku mwingine kule. Hilo ni kamba. Matambara ni haya: kila mtu alipouliza kwa nini nalala pale, alijibu kwamba yeye ndiye anaogopa kulala peke yake. Akipika wali anasema amekosea vipimo, umezidi. Hakuwahi kusimama kwenye ushirika wetu wa wanafunzi na kusema, "Tumwombee ndugu yetu aliyefeli." Nasema hivi kwa upendo kwa sababu sisi wenyewe tumezoea kufanya hivyo. Tunamvuta mtu kwa kamba tupu, anatoka shimoni ana vidonda. Ukitaka kujua tumaini la manabii linafikaje kwa mtu wa kawaida, mara nyingi linafika kwa mtu mwingine wa kawaida aliyefikiria kwapa zako.

Ukitaka kusoma mwenyewe

Usianze na aya moja. Soma sura za 27, 28 na 29 kwa mkao mmoja, hazizidi nusu saa. Kesho yake soma ya 32, kisha ya 38. Ukiwa umechoka na una hasira, ipo sura ya 20, ambako Yeremia anamlalamikia Mungu hadi kuilaani siku aliyozaliwa, na hakuna aliyeifuta kwenye Biblia. Kila unapofika kwenye ahadi, angalia mambo mawili: inasemwa kwa "wewe" au kwa "ninyi", na mstari uliotangulia unasema nini.

Mimi naandika haya nikiwa mwaka wa pili kwa mara ya pili. Mitihani ni mwezi ujao na sina unabii wowote kuhusu matokeo yangu. Inawezekana nikapita, inawezekana nisipite. Aya nimeibandika tena, safari hii kwenye ukuta wa mwenzangu kwa ruhusa yake, ila nimeandika kuanzia mstari wa 4 hadi wa 14 kwa mkono wangu, karatasi mbili. Wageni wanalalamika kwamba ni ndefu, hakuna anayeimaliza. Nawaambia wakae, chai ipo.

Kundi la Takwimu linaendelea Jumanne na Alhamisi saa 12 jioni, darasa lililo nyuma ya maktaba. Sasa tuko 11. Kama umekamatwa, au unaogopa kukamatwa, njoo. Kofia vua tu, sisi sote tunakujua.